Jani, Tunda na Hesabu ya Mbuni

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, akifika Ruiru, huona majumba ya ghorofa yamesimama mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Walakini shamba la Jacaranda, lililotengwa kwa utafiti wa zao hilo katika miaka ya 1940, lingali na mibuni yake. Wengi huijua Ruiru kwa sababu ya mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili istahimili kutu ya majani na maradhi yaozeshayo buni. Ila ipo elimu nyingine iliyochimbuliwa hapo, isiyotajwa sana, nayo ni ya uwiano baina ya jani na tunda.

Asili ya mbuni ni kivulini, katika misitu ya Uhabeshi, ambako mwanga ulikuwa haba na maua machache. Kwa sababu hiyo haukujaaliwa tabia ya kuyapukutisha matunda yaliyozidi, kama ifanyavyo miti mingi mingine. Ukipandwa juani, nao ukapata mvua za masika, huchanua kila fundo, na buni zikishavuka majuma ya mwanzo hudai riziki yao hadi ziive, hata kama mti wenyewe utaangamia.

Melvin Cannell, mtaalamu aliyefanya kazi Ruiru, alibainisha kwamba kila tunda lahitaji takriban sentimita 20 za mraba za jani, eneo lisilozidi sana uso wa kibiriti. Kwa kipimo hicho jani moja lililokomaa hulisha matunda mawili hivi, ilhali fundo lenye majani mawili aghalabu hubeba matunda kumi au zaidi. Tawi la namna hiyo halifichiki: majani hugeuka manjano na kuanguka, buni hupata rangi kabla ya wakati, ncha hukauka ikawa nyeusi, na huko chini vijizizi vya kunyonya chakula hufa.

Ukubwa wa punje una sababu mbili. Baina ya juma la 6 na la 16 baada ya maua, maji ndiyo yapimayo upana wa nafasi itakayokaliwa na punje. Baadaye ni sukari itokayo majanini ndiyo iijazayo nafasi hiyo. Kwa hiyo mvua njema ikifuatwa na uhaba wa majani huzaa punje pana zilizo nyepesi, ambazo kiwandani huelea majini, na zikiponyoka hapo, hupeperushwa na upepo wa mashine katika vinu vya Thika, zikaangukia daraja la TT badala ya AA, ambalo punje zake hubaki juu ya chekecheo lenye matundu ya milimita 7 na ushei.

Wakulima wa cheri tamu huko Ulaya na Marekani hutii kanuni iyo hiyo ya uwiano wa jani na tunda, kwani mti uliopandikizwa juu ya shina la aina iitwayo Gisela 5 huzaa kwa wingi, na usipopogolewa kwa mkono mzito hutoa matunda madogo yasiyo na soko.

Dawa, basi, ni kupogoa baada ya mavuno makuu, kung'oa machipukizi na kuutilia mti mbolea. Bei ikipanda, tamaa humshawishi mkulima aache kila tawi. Lakini ayaachayo yote huvuna buni hafifu mwaka huu, na mwaka ujao hukuta matawi makavu, kwa kuwa kahawa huzaa juu ya matawi yaliyokua mwaka uliotangulia.