Datsun 240Z inavuja mafuta: safisha kwanza, kisha njo ufungue moteri

Mwenye motokari ya zamani anaona doa nyeusi chini asubuhi. Anaita fundi. Fundi analala chini ya motokari dakika mbili, anatoka, anapangusa mikono na kusema: "Papa, hii moteri inapashwa kushuka." Kwa kuangalia toka chini hawezi kusema neno lingine, juu kila fasi kumelowa. Lakini mafuta yanashuka, hayapandi. Tone unaloliona likianguka toka karteri, ile sufuria ya chini ya moteri, linaweza kuwa lilitoka juu kabisa, likateremka pembeni ya moteri, upepo wa mwendo ukalisukuma nyuma, na mwishowe likaonekana fasi ambayo haina kosa lolote.

Tumechukua Datsun 240Z kuwa mfano sababu upande huu wa Afrika jina lake halikusahaulika. Ni motokari ya mbio ya Japani, ya viti viwili, iliyotokea mwaka 1969. Mwaka 1971 ilishinda Safari Rally, yale mashindano ya barabara za vumbi na matope ya Afrika ya Mashariki, dereva akiwa Edgar Herrmann. Mwaka 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka ule Mehta na Harry Källström, aliyekuwa ndani ya Datsun ya aina nyingine, walifika mwisho na hesabu sawa ya adhabu, ikabidi kutumia kanuni ya kuwatenganisha. Leo 240Z ziko mikononi mwa watu wenye kupenda vitu vya zamani, Marekani, Ulaya na Japani, na karibu kila moja, siku moja, itamwaga mafuta chini ya mwenyewe.

Moteri yake inaitwa L24. Iko na silinda 6 kwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393. Mwili wake ni wa chuma, kichwa chake (kwetu mafundi wanasema kilasi) ni cha aluminiamu, na mhimili wa kufungua vali uko juu, unavutwa na mnyororo. Ndugu zake wadogo wa silinda 4 waliwekwa ndani ya motokari za kawaida kama Datsun 160J. Kwa hiyo mengi ya hapa yanafaa hata kwa mtu ambaye hatagusa 240Z maishani mwake.

Juu ya nini inavuja?

Moteri inafungwa kwa vipande vingi, na kati ya kipande na kipande kuna gasketi. Zamani gasketi mingi zilikuwa za gome, lile gome laini la mti linalotengenezwa vizibo vya chupa za divai. Gome linakauka, linajikunja, linapasuka. Fasi ambapo mhimili unatoka nje ukizunguka hakuwezi kuwa gasketi bapa, kwa hiyo kunawekwa spi, ile mpira ya mviringo yenye mdomo mwembamba unaolamba chuma. Mpira nayo inazeeka, inakuwa ngumu kama plastiki. Ongeza tena kwamba aluminiamu na chuma havitanuki sawasawa vikipata moto: kila safari, kichwa na mwili wa moteri vinasuguana kidogo na kurudi. Na motokari iliyolala miaka bila kuwaka inavuja kuliko ile inayotembea, sababu midomo ya spi imekauka.

Hiyo njo sababu ya kila mtu anaijua. Kuna ingine ambayo mingi inasahaulika, na hapo njo watu wanapotezea pesa yao.

Ndani ya moteri, moshi kidogo unapita kila mara pembeni ya pistoni na kushuka kwenye karteri. Moshi ule unapashwa kutoka. Kwenye L24 kuna bomba upande wa kushoto wa mwili wa moteri. Toka hapo kuna mpira wa kupumulia unaopanda hadi kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye bomba la kuunganisha njia za hewa, na moteri yenyewe inauvuta ule moshi na kuuchoma tena. Mpira mwingine unatoka kwenye kifuniko cha juu kwenda kwenye filtri ya hewa. Sasa, ile vali ndogo ikiziba kwa uchafu, au mpira ukiwa umekunjamana ndani, presha inakosa pa kutokea. Inatafuta njia dhaifu. Inasukuma mafuta kupita hata spi mpya. Mtu anaweza kulipa kazi ya siku tatu, akabadilisha kila gasketi, na kisha mwezi mmoja doa ikarudi palepale, kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya kipande kidogo kama kidole.

Kupima ni rahisi. Moteri ikiwa inawaka polepole, toa ule mpira kwenye vali na weka kidole: unapashwa kusikia inavuta. Zima, fungua vali, itikise: ile nzima inalia ndani kama njugu. Kisha fungua kifuniko cha kumwagia mafuta moteri ikiwaka. Pumzi nyepesi ni kawaida. Lakini kama moshi unatoka kwa nguvu, puf, puf, puf, hapo pistoni na ringi zake zimechoka, na hakuna gasketi ya duniani itakayoponesha hiyo.

Kusafisha

Usiosheshe moteri ili ipendeze. Unaosha ili uone. Moteri yenye miaka 50 ya mafuta na vumbi imevaa koti, na chini ya koti huwezi kujua jeraha liko wapi.

Fanya kazi moteri ikiwa baridi, waya hasi ya betri ikiwa imetolewa. Funga kwa mifuko ya plastiki delko, alternata na karbireta zote mbili. Uchafu mzito utolewe kwanza kwa kipande cha mti au plastiki, siyo kwa chuma, sababu aluminiamu inachubuka na kila mkwaruzo ni njia ya mafuta kesho. Kisha pakaza dawa ya kutoa mafuta. Kama haipatikane, petroli ya taa na brashi, moto na sigara vikiwa mbali, halafu sabuni ya unga na maji ya vuguvugu.

Usitumie esansi. Tunajua garaje mingi zinaitumia, inasafisha mbio na iko karibu. Lakini mvuke wake unatambaa chini bila kuonekana, na cheche moja inatosha. Hata ile pompi ya maji yenye nguvu ya pale wanaosha motokari, iache mbali na spi, delko na karbireta, itaingiza maji fasi ambapo maji hayapashwe kufika.

Maji ya kuoshea nayo yana kwao kwa kwenda. Weka beseni na matambara chini. Kwa Goma na Bukavu, kinachomwagika barabarani mvua inakishusha ziwani, na toka Kivu, Ruzizi inakipeleka Tanganyika. Mafuta machafu yawekwe ndani ya bidoni yenye kufungwa.

Moteri ikikauka, paka puda ya mtoto kwenye maungio yote unayoyashuku. Endesha kilomita 20 au 30. Rudi, zima, acha ipoe, chukua tochi na uanze kuangalia juu, siyo chini. Pale puda imegeuka ya kahawia kwanza, hapo njo chanzo. Yaliyo chini ya hapo ni matokeo tu. Na utie kartoni safi chini usiku. Pia nusa: mafuta ya buati ya vitesi ni mazito na yananuka kiberiti, kwa hiyo doa ya nyuma inaweza isiwe ya moteri hata kidogo.

Toka juu kwenda chini

Kifuniko cha vali kinashikwa na buloni ndogo 8. Ni fasi ya kwanza ya kuvuja na kazi ya saa moja. Kwenye 240Z bomba za moshi ziko upande wa kushoto, kwa hiyo mafuta yakitokea upande ule yanaangukia chuma yenye moto. Ndani ya motokari unasikia harufu ya kuungua. Hiyo usiingoje, inaweza kuwasha moto. Safisha pande zote mbili, weka gasketi mpya ikiwa kavu, au gamu nyembamba upande wa kifuniko tu, kisha kaza buloni toka katikati kwenda mwisho, kidogo kidogo, kwa mizunguko. Ufunguo wa 10 na mkono mwepesi. Mtu anayekaza kwa hasira anafinya gome mpaka linatoka nje, na kifuniko kinapinda.

Mbele upande wa kulia, kwenye kichwa, kuna pompi ya esansi. Kati yake na kichwa kuna kipande cha kuzuia moto na gasketi pande zote mbili. Inavuja mafuta ya moteri taratibu na watu wanailaumu karteri. Chini yake, karibu na filtri, kuna kile kipima presha ya mafuta. Nacho kinaweza kupasuka ndani na kutoa mafuta kwa nguvu. Kukibadilisha ni dakika kumi.

Mbele kabisa kuna bamba la kufunika mnyororo. Kona yake ya juu, pale bamba, mwili na kichwa vinakutana, inajulikana kwa kuvuja, na kuiponesha vizuri kunaomba kutoa kichwa. Kama inatoa jasho tu, mimi ningeiacha mpaka siku kichwa kitakapotoka kwa sababu ingine. Chini yake, nyuma ya puli, kuna spi ya mbele. Ukitoa puli, pitisha kucha pale spi ilikuwa inalamba. Kama kucha inakwama, chuma imechimbwa, na spi mpya itavuja kama ya zamani. Dawa ni kuvalisha puli bangili nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa hiyo, ao kuingiza spi ndani kidogo zaidi ili mdomo ulambe fasi ingine. Mdomo wenye springi unaangalia ndani, na unapakwa mafuta mbele ya kuingia. Ukiingia mkavu unaungua siku ya kwanza. Kama unagusa pia pompi ya mafuta ya pale chini, tia alama kwanza: ndiyo inayozungusha delko, na ukiirudisha vibaya moteri haitawaka.

Karteri ni bati. Kila fundi aliyepita ameikaza zaidi, kwa hiyo kuzunguka kila tundu bati imevimba. Gasketi mpya juu ya bati iliyovimba ni kazi bure. Ilaze juu ya chuma bapa na uinyooshe kwa nyundo ndogo. Silikoni iwekwe kwenye kona nne tu, pale karteri inakutana na bamba la mbele na kofia ya nyuma. Fundi anayezungusha silikoni nene karteri nzima anasahau kwamba inayoonekana nje iko na mwenzake ndani. Ile ya ndani inakatika, inaelea ndani ya mafuta, inaziba kichujio cha pompi. Moteri inakosa mafuta na inakufa, kwa sababu ya dawa iliyoletwa kuzuia matone.

Inabaki spi ya nyuma, njo ile ya "moteri inapashwa kushuka". Kwa kuifikia inaomba kutoa buati ya vitesi, ambriaji na lile gurudumu zito la chuma. Ikivuja sana mafuta yanalowesha ambriaji na motokari inateleza kwenye mlima. Lakini mara mingine duara ni zima, na kinachovuja ni zile mpira mbili za pembeni ya kofia ya mhimili, ambazo fundi hakuzigusa. Zibadilishwe zote pamoja. Na kama ambriaji iko karibu kuisha, subiri siku yake, ulipe kazi mara moja. Kushusha moteri nzima kuna maana pale nyuma, chini na mbele vyote vimethibitika, siyo kwa kukisia.

Kuna dawa za kumwaga ndani ya mafuta zinazovimbisha mpira. Zinasaidia muda mfupi, na mpira uliochoka unazidi kulegea. Doa ya ukubwa wa sarafu kila asubuhi, kwa motokari ya umri huo, haistahili hata ufunguo. Pima mafuta kwa kijiti kila juma na uendelee na safari. Presha ya mafuta ikianguka njiani ni habari ingine: zima papo hapo.

Kisha kazi kuisha, endesha kilomita mia chache, acha moteri ipoe kabisa, pitia tena zile buloni 8 za kifuniko. Gome jipya linakaa chini kidogo likipata moto wa kwanza, na buloni zinalegea.