Vipande vya vitenge chini ya meza ya fundi ni mtaji

Ndugu mfanyabiashara wa Milepa, waombe mafundi cherehani vile vipande wanavyofagia. Blanketi la viraka huku bondeni nani analitaka, na joto hili? Lipandishe Sumbawanga mjini. Baridi ya Ufipa mwezi wa 6 na wa 7 si mchezo, kwa hiyo anza kushona mapema.

Fua vipande vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kinachuja rangi na kupungua. Ukikiunga na kilichokwisha kufuliwa, mteja akifua mara moja tu blanketi linajikunja. Hapo hurudi kwako na kelele.

Tumia kigezo cha boksi gumu, sentimita 16 kila upande. Ukiacha mshono wa sentimita 1, kinabaki 14. Vipande 140, yaani 10 kwa 14, vinatoa sentimita 140 kwa 196, saizi ya kitanda kidogo. Ndani weka blanketi kuukuu lililofuliwa, chini shuka, halafu pitisha mshono ushike yote matatu.

Bei sasa. Wengi wanahesabu uzi na nauli tu. Siku zako je? Ziandike daftarini. Mteja akishindwa bei, muuzie foronya ya mto wa kochi: vipande 9 tu.