Nguvu za Soda Hazijengi Mwili

Ndugu msomaji, bila shaka unamfahamu bwana huyu, maana hakuna mtaa asiokuwamo. Amepimwa hospitali na kuambiwa kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Kesho yake ananunua raba mpya. Jumamosi alfajiri anatimua mbio mpaka pumzi zinamkatika, anarejea nyumbani amelowa jasho chapachapa, na mkewe anampokea kwa maji ya kuoga na pongezi tele. Jumapili hawezi kuinuka kitandani. Jumatatu anapanda basi kwa kushikwa mkono. Raba zile zinatupwa uvunguni, na huko hukaa hadi mwanawe mkubwa atakapoona kwamba zinamtosha.

Hizo ndizo ziitwazo nguvu za soda. Chupa ikifunguliwa hutoa mlio na povu jingi. Ukingoja kidogo, yamebaki maji matamu. Hata hivyo tusimcheke bwana yule. Nia yake ilikuwa njema na ugonjwa wake ni wa kweli. Alichokosea ni hesabu.

Mnamo mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake huko Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Katika kila basi walikuwamo wawili: dereva aliyeketi kutwa, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ilionekana kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa walikuwa wamekwisha kusogea kiumri. Ni kweli kwamba baadaye Morris huyo huyo alizichunguza sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo ngazi peke yake hazistahili sifa yote. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umelithibitisha jambo lenyewe. Nasi tuangalie: kondakta yule hakuwa mwanariadha. Alipanda ngazi zile zile, kwa mwendo ule ule, kila siku ya kazi, mwaka hata mwaka.

Sababu yake inafahamika. Mtu akitembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, shinikizo la damu hushuka kidogo baadaye, na nafuu hiyo hudumu kwa saa kadhaa, pengine karibu siku nzima. Kisha huisha. Basi anayejichosha Jumamosi moja amejipatia nafuu ya Jumamosi hiyo tu, ilhali moyo wake unadunda siku zote saba. Kadhalika viungo havizoei kazi kwa kasi moja. Misuli hupata nguvu upesi, lakini kano zinazoishikiza kwenye mifupa, kama ile ya kisigino, huchelewa sana. Ndiyo maana mtu hujiona ana nguvu za kuongeza mbio, na wiki hiyo hiyo kisigino kikamsaliti.

Liko na jambo zito zaidi. Wachunguzi wa Marekani waliwahoji wagonjwa waliopatwa na shambulio la moyo, wakatangaza matokeo yao mwaka 1993. Kwa wale ambao kwa kawaida hawakufanya kazi ya nguvu hata mara moja kwa wiki, hatari ya kushambuliwa katika muda mfupi baada ya jasho kali ilipanda mara 107. Kwa waliozoea kufanya hivyo mara 5 au zaidi kwa wiki, ilipanda mara 2.4 tu. Hatari ya saa moja kwa mtu mzima wa afya ni ndogo mno, hivyo msomaji asitishike akavunjika moyo. Lakini mwenye shinikizo la damu hana budi kumwona daktari kabla ya kuanza kukimbia.

Hata mabingwa hawakimbii kwa nguvu zote kila siku. Eliud Kipchoge wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na mwaka 2022, miaka 19 baadaye, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa ya mwendo wa pole.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha kuanzia, na si lazima ziwe za mfululizo. Shuka basi kituo kimoja kabla ya chako. Mama anayebeba maji na kutwanga asiambiwe kuwa hafanyi mazoezi. Bali yule ashindaye amekaa kwenye cherehani au dukani naye anazihitaji dakika zake, na hatazipata iwapo baba hatamshikia mtoto. Jambo hili aghalabu husahaulika katika nyumba nyingi.

Kabla ya kuinuka kitandani asubuhi, hesabu mapigo ya moyo kwenye kiwiko cha mkono kwa dakika moja, uandike katika daftari. Baada ya miezi michache ya kutembea bila kukatiza, wengi huona hesabu imepungua, kwani moyo uliozoea husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Siku ukiikosa, iache ipite. Usiilipe kwa kuongeza maradufu kesho yake. Ukiwa na homa, pumzika. Maumivu ya misuli yanayozidi siku ya pili ni ya kawaida kwa mgeni wa mazoezi. Lakini kifua kikibana, au mkojo ukitoka mweusi mithili ya chai ya rangi baada ya kujichosha, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.