Mwanga Unavyotumika Kupima Joto Katika Plastiki Nyembamba

Ndani ya inveta za umeme wa jua na baadhi ya chaja za betri, vipande vinavyozalisha joto jingi hutenganishwa na bamba la aluminiamu la kupozea kwa utando mwembamba wa plastiki. Utando huo, ambao wakati mwingine haufiki unene wa milimita 0.1, una kazi mbili zinazokinzana: kuzuia umeme na kupitisha joto. Ukiwa mnene, joto hukwama na kifaa huungua mapema. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, umeme unaweza kupenya hadi kwenye bamba.

Kupima joto linavyopita humo si kazi nyepesi. Plastiki, ambayo hutengenezwa kwa polima, huenezwa na joto polepole, takribani mara elfu moja chini ya shaba. Isitoshe, kihisio kikigusishwa kwenye utando, chenyewe hunyonya joto na kuvuruga kipimo.

Ndiyo maana wataalamu hutumia mwanga. Mwaka 1961, nchini Marekani, W. J. Parker na wenzake walieleza utaratibu wa kumulika upande mmoja wa sampuli kwa mmweko mfupi na kufuatilia upande wa pili unavyopata joto. Leo mmweko huo huweza kutoka kwenye leza, na kifaa kinachonasa mionzi ya infraredi husoma joto bila kugusa. Kinachotafutwa ni muda ambao upande wa nyuma hutumia kufikia nusu ya ongezeko lake la juu kabisa la joto. Kwa plastiki ya milimita 1, muda huo ni zaidi kidogo ya sekunde 1. Kwa milimita 0.1 hushuka hadi takribani sekunde 0.014, kwa kuwa unene ukipungua mara 10, muda hupungua mara 100. Mmweko nao sharti uwe mfupi zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kosa la asilimia 5 katika kupima unene huzaa kosa la takribani asilimia 10 katika matokeo. Aidha, plastiki angavu hupitisha mwanga badala ya kuufyonza, hivyo hupakwa tabaka la grafaiti. Kwa sampuli nene tabaka hilo halina athari kubwa, lakini kwa utando wa mikromita chache huchelewesha joto kwa kiasi kisichopuuzika. Maabara isipoliondoa katika hesabu, mtengenezaji ataamini kuwa plastiki inapitisha joto vibaya kuliko ilivyo, na huenda akapunguza unene ambao ndio kinga ya mtumiaji dhidi ya umeme.