Wanja Wenye Risasi Na Madhara Yake Katika Ini: Je, Kuuacha Ni Kuacha Sunnah?

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rahmah na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad. Kwa miaka mingi kina mama walioniuliza kuhusu kumpaka mtoto wanja niliwajibu kwa neno moja: ithmid ni Sunnah. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu. Sikuwauliza ndani ya kichupa chao mna nini.

Wanja mwingi unaouzwa kwa jina la ithmid, ulipopimwa maabara katika nchi mbalimbali, ulikutwa ni galena, yaani madini ya risasi iliyoungana na salfa. Katika baadhi ya sampuli risasi ilizidi nusu ya uzito. Ithmid, ambayo wengi wameifasiri kuwa ni antimoni, nayo ni jiwe jeusi lenye kung'aa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Wanja haukai jichoni tu. Mtoto hufikicha macho kisha hutia vidole mdomoni, na machozi yenyewe yana njia ya kushukia puani mpaka kooni. Mtu mzima hufyonza takriban sehemu 1 katika 10 ya risasi aliyoimeza. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu. Na damu itokayo kwenye utumbo hupitia kwanza katika ini.

Mwili unapotumia oksijeni huzalisha chembe kali ambazo, zikiachwa, huharibu kila zinachokigusa. Kwa Hekima Yake Allaah, ini limepewa mlinzi wa kuzizima: kemikali iitwayo glutathioni. Silaha ya mlinzi huyu ni salfa aliyonayo, na risasi hushikamana sana na salfa. Basi humng'ang'ania, na huvifunga vimeng'enya vinavyomsaidia. Tena risasi huvuruga utengenezaji wa damu, na malighafi iliyokwama hujilimbikiza ikazalisha chembe kali zaidi. Maadui wanaongezeka huku mlinzi amefungwa mikono.

Kinachofuata kila mpishi anakijua. Mafuta ya nazi yakikaa wazi siku nyingi huharibiwa na hewa, yakanuka. Utando wa seli za ini umejengwa kwa mafuta, nao hupatwa na jambo mfano wa hilo: hudhoofika, na vilivyomo ndani ya seli huvujia kwenye damu.

Haya yote yanaweza kupita bila maumivu. Hata vipimo vya kawaida vya ini vinaweza kutoka vizuri na risasi imo mwilini. Madhara yake makubwa zaidi kwa mtoto ni katika ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Ama hukmu, Shari'ah imekuja kuondoa madhara, na mwili wa mtoto ni amana mikononi mwa wazazi. Wanja uliothibiti kuwa na risasi haijuzu kuupaka wala kuuuza. Usiojulikana asili yake, kuuacha ndio salama. Anayeuacha kwa ajili hiyo hakuacha Sunnah, kwani Sunnah ni ithmid yenyewe, si jina lililoandikwa kwenye kichupa. Na anayempaka mtoto ili kumkinga na kijicho, kinga tuliyofundishwa ni kisomo: Al-Falaq na An-Naas.

Ikiwa mtoto ameshapakwa, usimkaripie bibi yake, kwani alipaka kwa mapenzi. Acha kuutumia, mwoshe mtoto mikono na uso, na umwambie daktari wazi kwamba unataka kipimo cha risasi katika damu. Mpe chakula chenye chuma, kalsiamu na vitamini C, kama dagaa, maziwa, mchicha na mapera. Hivyo husaidia kupunguza ufyonzaji wa risasi. Usikimbilie dawa za kusafisha ini zinazonadiwa mitaani. Mlango ukiwa wazi, kufagia hakutoshi: kwanza funga mlango.

Sasa mama akiniuliza kuhusu wanja, nami humuuliza: umeutoa wapi?

Na Allaah Anajua zaidi.