Mtoto ndani ya ndege isiyoondoka

Mama, umepanda ndege pale Bangoka, unakwenda Kinshasa, mtoto umempakata. Mlango umefungwa, lakini ndege haiondoki. Jua inapiga kali juu ya bati, ndani hewa ni nzito. Mtoto mdogo anashikwa na joto upesi kuliko wewe, na maji ya mwili wake yanapungua.

Ufanye nini? Umpunguzie nguo. Umpe ziwa mara kwa mara. Kama hajatimiza miezi 6, maziwa yako yanatosha, usimpe maji. Akiwa mkubwa, umpe na maji safi. Wewe pia unywe. Mwenye mimba atikise miguu, asimame kidogo, sababu kukaa sana kunaweza kugandisha damu.

Uangalie hatari: kinywa kikavu, macho yameingia ndani, kulia bila machozi, mkojo kidogo. Akilegea au akikataa ziwa, usingoje: uite mtumishi wa ndege, uombe msaada wa mganga.

Usione haya. Kule Marekani, tangu 2010, sheria inataka abiria waliokwama chini wapewe maji na chakula kabla ya masaa 2 kupita. Kuomba maji si ukaidi, ni kulinda uzima.