Je, Wajua? Malkia wa Riwaya za Mapenzi Aliishi Porini Tanganyika

Georgette Heyer, Mwingereza aliyeanzisha riwaya za mapenzi zinazosimulia Uingereza ya 1811 hadi 1820, aliwahi kuishi Tanganyika! Mnamo 1927 alimfuata mumewe, mhandisi wa madini, wakakaa katika kibanda cha matete. Humo, bila maktaba, akaandika *The Masqueraders*, kisa cha mwaka 1745 kilichochapishwa 1928. Kosa la historia linalotajwa sana katika kitabu hicho ni moja tu, nalo linahusu klabu ya London. Kichwa kilichoje!

Kipenzi cha wasomaji wake ni mkware anayetubu: tajiri, mcheza kamari, hatulii, mpaka akutane na mwanamke asiyemwogopa. Katika *Devil's Cub* (1932), bwana wa namna hiyo anataka kumlazimisha Mary Challoner. Mary anamfyatulia bastola na kumjeruhi. Ndipo bwana anapoanza kumheshimu, kisha kumpenda. Utamu uko hapo hasa. Msomaji haufurahii uhuni. Anafurahia kuuona ukisalimu amri.

Na huku kwetu je? Mabwana wa London wakicheza dansi miaka hiyo ya 1811 hadi 1820, Pemba ilikuwa chini ya Wamazrui wa Mombasa. Sayyid Said, mtawala wa Oman, aliwang'oa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Heyer alifariki 1974. Vitabu vyake bado vinachapishwa. Msomaji wa Konde, hapa Pemba, unayejinoa Kiingereza, anza na kile cha Mary.